Mjomba, usikate tiketi ya Aprili

Shikamoo mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, dakika tisa, na jogoo wako akidakia kila unapovuta pumzi. Najibu hadharani makusudi, maana nataka na wapwa zako wengine wanaokushauri uje Arizona mwezi wa Aprili wasome. Aprili jangwa lina maua, sikatai. Lakini wewe hukusema unakuja kutazama maua. Ulisema unakuja kuwaona wavumaji, wale ndege wadogo ambao Waingereza huwaita hummingbird.

Kwanza nifute kosa langu. Mimi ndiye niliyekuandikia, mwaka wa kwanza nilipofika Tucson, mji huu wa kusini mwa Arizona, kwamba hapa kuna "chozi wa Marekani", na jina hilo umelishika hadi leo. Nilimwona mvumaji mmoja kwenye ua jekundu nikakumbuka ulivyonipeleka msitu wa Amani nikiwa mdogo, ukaniziba mdomo kwa kiganja ili nisimtishe ndege chozi. Wanafanana kwa riziki tu, wote wanaishi kwa maji matamu ya maua, ila undugu hakuna. Chozi wetu kwa kawaida hutafuta kijiti akatua ndipo anywe. Mvumaji hunywa akiwa hewani, kasimama palepale kama katundikwa kwa uzi, mabawa yakipiga mara hamsini hivi kwa sekunde, na akishiba hurudi kinyumenyume. Huo mvumo utausikia kabla hujamwona. Nje ya Amerika, kaskazini na kusini pamoja na visiwa vyake, hapatikani mwituni popote.

Sasa kwa nini nataka uje Agosti. Huku kuna mvua za kiangazi, msimu wake unahesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Zikinyesha vizuri, milima huchanua tena, na hapo ndipo safari za wavumaji zinapokutana. Yuko mmoja wa rangi ya kutu, gramu tatu na ushee, anayezaliana mpaka Alaska na kukimbilia Mexico baridi inapokaribia. Akipanda kaskazini hufuata pwani ya Pasifiki. Akirudi, kuanzia Julai, wengi hukata kupitia milimani. Kwa hiyo ukija Aprili, wengi wao watakuwa wanapita njia nyingine kabisa! Ukija Agosti utamkuta, na utamchukia. Ni mkorofi kuliko yule jogoo. Chupa nne za maji ya sukari zimetundikwa, yeye mmoja anataka zote, anawafukuza hata waliomzidi umbo maradufu.

Najua utaniuliza joto. Tucson ni kweli, digrii 40 ni jambo la kawaida. Lakini wavumaji tutawafuata milimani. Milima ya huku imesimama mmojammoja katikati ya jangwa, watu wanaiita visiwa vya angani, na kila ukipanda unaacha madungusi yenye miiba unaingia kwenye mialoni, kisha misonobari. Asubuhi utataka sweta. Hapo kusini tu mwa mji, spishi zinazofika kumi na tano zimeshaonekana, baadhi ni za Mexico zinazovuka mpaka kidogo tu kisha basi.

Mpango wangu ni siku nne na vituo viwili. Cha kwanza Patagonia, kimji kidogo, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Hapo wazee wawili, Wally na Marion Paton, walianza miaka ya 1970 kuwafungulia wageni ua wa nyumba yao. Hawakutoza kiingilio, waliweka kopo la kuchangia sukari. Marion alifariki 2009, na tangu 2014 mahali hapo panatunzwa na Tucson Audubon, shirika la wapenda ndege ambalo tangu 2024 linaitwa Tucson Bird Alliance. Unakaa kwenye benchi, basi. Ndipo mahali pa uhakika zaidi nchini humu pa kumwona yule mvumaji mwenye utosi wa zambarau, tumbo jeupe na mdomo mwekundu. Cha pili ni milima ya Huachuca, karibu na Sierra Vista: korongo la Ramsey na la Miller. (Korongo la ardhi, mjomba, si ndege. Nimekuona ukichangamka.)

Grand Canyon tutaiacha. Iko mbali upande wa kaskazini, na siku nzima ingeishia barabarani. Najua picha yake ndiyo watakayoiulizia nyumbani. Waambie hukwenda.

Mambo mawili ya kuangalia. Mvua hunyesha zaidi mchana, kwa hiyo tutatoka alfajiri na saa nane tuwe tumerudi. Mito mingi ya huku imekauka karibu mwaka mzima, kisha maji yanashuka kwa dakika chache kutoka mvua ambayo wewe hukuiona hata wingu lake. Sheria ya Arizona inamdai gharama za uokoaji dereva aliyepita kizuizi akanasa. Sitavuka, hata ukinicheka. La pili, pasipoti uwe nayo mfukoni, usiiache kwenye begi. Barabara zinazotoka kusini zina vituo vya askari wa mpakani, magari husimamishwa na watu huulizwa. Mimi nimeshazoea, wewe usishtuke, wala usianze kuwahadithia habari za Muheza.

Darubini lete ile yako ya zamani, ya kwangu ina lenzi iliyopasuka. Kwenye baraza nimetundika chupa: kikombe kimoja cha sukari nyeupe, vinne vya maji, bila rangi, bila asali. Kuna mvumaji dume mmoja mwenye masharubu ya zambarau anayelala kwenye mti wa jirani. Usiku wa baridi hupoa mwili na mapigo ya moyo yakapungua mno, unaweza kudhani amekufa. Asubuhi anatetemeka, anapata moto, anakuja kunywa. Ananipita karibu na sikio.

Tarehe niambie kabla hujalipa.

Mpwa wako, Tucson