Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti Wetu wa Mtaa: Gari la Taka Litapita Siku Gani?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,

Shikamoo, na pole na majukumu.

Yah: Gari la taka kutopita mtaani kwetu, na mashine ya risiti kupita bila kukosa

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wako hapa Dar es Salaam, fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwenye kalavati, na unanifahamu vizuri kwa sababu kaunda suti ya kijivu uliyoapishwa nayo baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 ilitoka mikononi mwangu. (Salio lake si sehemu ya barua hii.) Nimekwisha kufika ofisini kwako mara nne kwa ajili ya jambo hili: mara mbili sikukukuta, mara moja nilikukuta unatoka, na mara ya nne uliniambia kwa upole kwamba suala liko mezani. Kwa kuwa meza hiyo mpaka leo sijajua iko ofisi ipi, nimeona niandike hadharani, ili majirani nao wasome na wanisahihishe pale nilipokosea.

Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha kuanzia saa nane hadi karibu na adhana ya alfajiri. Haikuwa mvua ya kutisha. Za kutisha tunazijua. Wengi wetu tuliiona ile ya Desemba 2011 iliyoua watu zaidi ya 40 katika jiji hili na kuwafanya wenzetu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Hii ilikuwa mvua ya masika ya kawaida, ambayo mtaro wetu ungeimeza bila shida kama koo lake lisingekuwa limezibwa na viroba, pampasi, chupa, vifuu vya nazi, maganda ya mihogo na nusu ya godoro ambalo mwenye nalo hajajitokeza. Saa kumi na moja maji yalipanda barazani, yakavuka kizingiti, yakaingia chumba cha mbele ambamo ndimo ninamofanyia kazi na ndimo wanamolala wanangu wawili.

Nilikuwa na sare za shule 31, mashati meupe na sketi za bluu, zimekwisha kupigwa pasi na kupangwa chini juu ya mkeka kwa sababu meza haitoshi, na zilikuwa zichukuliwe Jumatatu. Niseme wazi, Mheshimiwa, yaliyoingia hayakuwa maji ya mvua peke yake, kwa maana wenye vyoo vya shimo huko juu tunajua wanavyongojea mvua kubwa ili wavifungulie. Nimezifua sare zile mara tatu, nimeziloweka kwenye dawa ya madoa, nimezianika juani siku nzima, na bado mzazi wa kwanza aliyekuja alinusa kola ya shati, akaikunja taratibu, akanirudishia bila kusema neno. Kitambaa kipya nimekikopa.

Hilo peke yake nisingeliandikia barua. Mafuriko tumeyazoea, na mtu wa mabondeni akilalamika huulizwa nani alimtuma akae bondeni. Lililonifanya nishike kalamu ni lile la saa tatu asubuhi ya siku ileile, nikiwa bado nimekunja kitenge magotini nazoa matope kwa sahani, walipofika mkusanyaji wa ada ya taka na mgambo wawili. Wakasimama kwenye tope hilohilo, mmoja akiinua mguu baada ya mwingine ili viatu visichafuke, wakaniambia ninadaiwa miezi mitatu: shilingi 5,000 ya kaya na shilingi 10,000 ya biashara kwa kila mwezi. Nikawajibu, kwa heshima, kwamba nilikwisha kumwambia mwenzao kuwa nitalipa siku gari litakapopita. Mmoja akaniambia ada na gari ni vitu viwili tofauti. Wakafungua kichwa cha cherehani yangu, wakaondoka nacho.

Nilikwenda kukikomboa mchana kwa shilingi 45,000 nilizochukua kwenye kikoba, na risiti ninayo. Imeandikwa vizuri, ina tarehe, ina saa, ina kiasi, na mahali pa maelezo pameandikwa kwamba nimelipia huduma ya uzoaji taka. Huduma yenyewe wakati huo ilikuwa imelala barazani kwangu, inanuka.

Sasa nikukumbushe kidogo, maana majukumu ni mengi na kusahau ni ubinadamu. Wakati wa kampeni ulisimama chini ya mwembe wa pale kilabuni, ukasema kwamba ndani ya siku mia moja hakuna kiroba kitakacholala nje usiku mbili. Tulipiga vigelegele, mimi nikiwa mmoja wao. Kabla ya hapo gari lilikuwa likipita Jumanne na Ijumaa, honi yake inasikika tangu kona ya msikitini, na watoto walikuwa wakikimbia na ndoo kama wanakimbilia sherehe. Baada ya hapo likawa la Ijumaa tu. Kisha likawa la kubahatisha. Leo ninavyoandika ni wiki ya saba hatujaliona, na hatujapewa tangazo lolote, si la ubao wa ofisi wala la kipaza sauti, ingawa kipaza sauti cha kutangaza michango ya mwenge tunakisikia vizuri.

Sababu hatuzijui, na kwa kuwa hatuambiwi tunajipangia wenyewe. Wapo wanaosema gari limeharibika na mkandarasi hana jingine. Dereva mmoja aliwahi kuniambia kwamba wakati wa masika magari hukwama foleni kwenye matope ya dampo la Pugu, hata safari mbili za siku huwa moja. Mimi mwenyewe nina dhana yangu, na unisamehe kama ninamwonea mtu: mkandarasi hula kutokana na anachokusanya, kwa hiyo gari lake hupenda mitaa yenye lami na mageti, ambako kaya hulipa bila mjadala, na sisi wa vichochoro hutembelewa na mashine ya risiti kwa sababu yenyewe haihitaji dizeli. Ndiyo maana asiyeona gari haoni sababu ya kulipa, na asiyelipwa haoni sababu ya kuleta gari, na katikati yao uko mtaro.

Na hapa nikiri kosa langu kabla hajaniumbua jirani. Wiki ya tano nilishindwa. Nilimwita mmoja wa wale vijana wa mikokoteni wanaopita usiku, nikampa shilingi mia tano kwa kila kiroba, viroba vitatu, na sikumuuliza anavipeleka wapi kwa sababu nilijua. Vinaishia mtaroni, na mtaro unamwaga Msimbazi, na Msimbazi unakwenda kuvimwaga Jangwani. Vyangu naona havikufika hata Jangwani. Katika matope niliyozoa Alhamisi niliona vipande vya kitambaa cha bluu nilivyovitambua kwa mshono.

Utaniambia tuna siku ya usafi. Tunayo, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafunga biashara hadi saa nne, tunatoka na majembe, tunazibua mtaro huohuo, na asiyetoka hutozwa faini. Tope tunalolitoa tunalirundika kandokando, kwa sababu tumeambiwa gari litakuja kulichukua. Mvua inayofuata hulirudisha lilikotoka. Tumelitoa tope lile mara ngapi, Mheshimiwa? Nadhani sasa linatufahamu kwa majina.

Mambo haya hayakuanzia kwako, na haki lazima itendeke hata katika barua ya hasira. Marehemu baba alikuwa akiishi Tabata enzi zile dampo la jiji lilipokuwa palepale, na alikuwa akitusimulia jinsi wakazi walivyoishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, mahakama ikaamuru taka zisimwagwe tena, Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi mwaka 1991 jaji alipokataa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mamia ya wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huohuo, wakashinda kwa hoja ya haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, leo ziko Pugu. Mtindo huu wa wakandarasi wenyewe ulianza katikati ya miaka ya 1990, Jiji lilipokuwa limezidiwa kabisa. Baba alikuwa akisema kwamba watu wa Tabata walishinda kwa sababu angalau gari la taka walikuwa wakiliona kila siku, likija kumwaga. Sisi tunashtaki nini, gari lisilokuwepo?

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka mkataba wa mkandarasi usomwe mbele ya mkutano mkuu wa mtaa, tujue anapaswa kupita mara ngapi. Nilitaka fidia ya sare 31. Nilitaka nirudishiwe 45,000 yangu, au angalau nielezwe ni kifungu gani kinachomruhusu mgambo kuchukua kitendea kazi cha mtu kwa deni la huduma ambayo haikutolewa, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kazi ya taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa na wala haikuiweka kwenye kichwa cha cherehani. Hayo yote bado nayataka. Lakini nina umri wa kutosha kujua kwamba ukidai kumi utaambiwa yanashughulikiwa yote kumi.

Kwa hiyo naomba moja. Nitajie siku. Ikiwa ni Jumanne, iwe Jumanne. Ikiwa ni mara moja kwa wiki mbili, sisi tutajibana, tutafunga viroba vizuri, tutavificha paka wasivifikie. Iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, siku na saa, na jina la mkandarasi chini yake. Siku hiyo isipofika gari, nami mkusanyaji akija mwezi unaofuata nimwonyeshe ubao.

Tope la Alhamisi nimelijaza kwenye viroba vinne. Sijampa kijana wa mkokoteni. Vipo barazani, upande wa kushoto ukitokea ofisini kwako, na nimeviandika tarehe kwa chaki ya kukatia nguo.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwenye kalavati

Nakala: Afisa Mtendaji wa Mtaa, Mheshimiwa Diwani, ubao wa matangazo, kama bado una nafasi.