Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Picha Zilizoharibika

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tulibishana kwa muda mrefu kuhusu jambo moja: vikao vyetu vilikuwa vimegeuka mnada wa vifaa. Mwenye lenzi mpya anaipitisha mkono kwa mkono, sisi wengine tunaipapasa na kuguna, kisha kila mtu anarudi kwake bila kupiga hata picha moja. Mwishowe tulipitisha maazimio mawili. La kwanza, kila kikao kiongozwe na mwanachama mmoja, afundishe mbinu moja tu, nasi tuifanye papo hapo kwa mikono yetu. La pili, kabla hajatuonyesha picha anayojivunia, aanze na zile zilizomharibikia.

Azimio la pili mimi nililipinga. Nilidhani hakuna atakayekubali kujianika mbele ya wenzake. Katibu anayo kumbukumbu ya maneno yangu hayo na hachoki kunisomea. Nakubali yaishe: picha zilizoharibika ndizo zilizotufundisha, na taarifa hii itakaa zaidi huko. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye faili la katibu.

Kopo lenye tundu

Tulianza na kamera isiyo na lenzi. Aliyeongoza kikao alileta makopo yenye vifuniko vya kubana, rangi nyeusi isiyong'aa ya kupaka ndani, sindano, na vipande vya bati laini. Kutoboa tundu kulitula muda kuliko kazi nyingine zote. Unabonyeza sindano mpaka bati litoe kijichuguu upande wa pili, unakisugua kwa msasa mlaini, unabonyeza tena, unasugua tena, mpaka ncha ipenye kwa shida. Tundu lenye kingo zilizochanika hutoa picha yenye ukungu. Letu lilikuwa na kipenyo cha milimita 0.3, na karatasi ilikaa milimita 80 nyuma yake. Gawanya, unapata f/267 hivi (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), wakati lenzi nyingi za kawaida huishia f/22. Karatasi ya picha nayo ni nzito kuhisi mwanga, karibu ISO 6. Ndiyo maana hata kwenye jua kali tulihesabu dakika moja hadi mbili kwa kila picha, na shata yetu, yaani kifuniko cha kufungulia na kufungia mwanga, ilikuwa kipande cha solotepu nyeusi.

Mwongozaji alitukumbusha kwamba Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefia Kairo katika karne ya 11, alishachunguza jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopenya tundu dogo na kuchora umbo la hilali upande wa pili. Na neno kamera lenyewe ni la Kilatini, maana yake chumba. Basi siku ile kila mmoja alitembea na chumba chake kwapani.

Makopo mengi yalivuja. Kwenye negatifu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, mwanga uliovuja hutoka mweusi, kwa hiyo wengi waliambulia karatasi nyeusi tii na alama ya vidole vyao pembeni. Lakini moja ya zilizoharibika imekuwa picha ya mwaka. Mwenzetu alijitolea kuketi kwenye kiti asome gazeti kwa dakika mbili. Viatu vyake vilitoka safi, kamba unaweza kuzihesabu. Kiwiliwili kilitoka kama moshi. Kichwa hakikuwepo kabisa, maana alikuwa akikitikisa kila alipofika habari za michezo. Picha ile iko ukutani nyuma yangu, na mwenyewe anasema ndiyo inayofanana naye kuliko zote alizowahi kupigwa.

Kuzisafisha tulizisafishia bafuni kwa taa nyekundu. Wapo waliodhani taa nyekundu ni mapambo ya sinema. Sababu ni kwamba karatasi ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe huhisi mwanga wa bluu, na kwa wekundu ni kipofu. Aliyefungua mlango kuulizia chaji ya simu alituthibitishia hayo bila kukusudia.

Siku ya bluu

Kikao cha sayanotaipu, yaani kuchapa picha za bluu kwa jua, nitakieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa aliyeharibu siku hiyo ni mimi.

Mbinu hii aligundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, akaanza kuitumia kuchapa kitabu chake cha mwani wa baharini, ambacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za fotografia. Hakuna kamera inayohitajika. Unayeyusha gramu 25 za amonia feri sitrati katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Unachanganya kiasi sawa cha vimiminika hivyo viwili, unapaka kwenye karatasi kwa brashi pana, unaanika gizani. Mtunza vifaa alisisitiza glavu, na alikataza mchanganyiko huo usikaribiane na asidi kali hata kidogo, maana ferisianidi ikikutana nayo inaweza kutoa gesi ya sumu. Katazo hilo nalirudia hapa kwa maandishi.

Karatasi ikikauka ina rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Unalaza juu yake majani, lesi, au negatifu uliyoichapa kwenye karatasi ya plastiki, unaifunika kwa kioo na kuipeleka juani. Mionzi ya urujuanimno ndiyo inayofanya kazi. Karatasi inageuka bluu, kisha inakuwa kijivu, kisha inapata rangi kama ya shaba iliyochakaa. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipoona imekuwa bluu nzuri nikasema tayari, nikaikimbiza kwenye beseni. Rangi yote ilitoka na maji. Nilibaki nimeshika karatasi nyeupe iliyolowa, wanachama wakinitazama kwa heshima zote.

Mwenzangu wa meza aliisahau yake juani mpaka ikaonekana kama imeungua. Tukamwambia aitupe. Akaiosha. Ile manjano ikatoka, na chini yake ikabaki bluu ya kina yenye mishipa ya jani hadi ule mdogo kabisa. Kumbe sayanotaipu unaitoa juani pale unapoona umeshaiharibu, kwa sababu kuosha kutapunguza. Na usiihukumu ikiwa bado mbichi, maana bluu huendelea kukolea kadiri inavyokauka, hadi siku ya pili. Nilirudia mara tatu. Ya tatu ilitoka. Wingu lilikuwa limetanda, na kazi ambayo jua lingeimaliza kwa dakika 10 ilichukua zaidi ya 40.

Kuandika gizani

Kikao cha kuchora kwa mwanga kilivutia watu wengi zaidi, nadhani kwa sababu hata mwenye simu yenye uwezo wa kuacha shata wazi aliweza kushiriki. Kamera kwenye stendi, ISO 100, f/8, sekunde 30, taa zote zimezimwa, na mtu mwenye tochi anatembea mbele ya lenzi. Mbinu ina ukoo mrefu. Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke wa Marekani waliochunguza ufanisi wa kazi, walifunga taa ndogo kwenye mikono ya wafanyakazi miaka ya 1910 ili wasome mijongeo yao kwenye picha. Mwaka 1949 mpigapicha Gjon Mili alimpiga mchoraji Pablo Picasso akichora hewani kwa taa.

Tofauti iliyotusumbua ni ndogo lakini ndiyo yote: tochi ikielekezwa kwenye lenzi inachora mstari, ikielekezwa kwenye kitu inakipaka kitu hicho rangi, na tochi yenyewe haionekani. Mshika tochi avae nguo nyeusi na asisimame mahali pamoja, vinginevyo anaacha mzimu. Mmoja wetu alifanya yote sawasawa, sekunde ya 28 simu yake ikaita. Uso wake uko pale, mkubwa, umejaa mshangao, katikati ya mbawa alizozichora kwa ustadi.

Kisha tukaandika majina. Yote yakatoka kinyume kama maandishi ya kwenye kioo, kwa kuwa aliyeikabili kamera akiandika kwa kawaida, kamera inamsoma kutoka nyuma ya ukurasa. Hapo wakajitokeza makundi mawili. Kundi moja lilisema tuzigeuze kwenye kompyuta, kazi ya sekunde moja. Kundi jingine lilisema tujifunze kuandika kinyume. Mimi niko na kundi la pili, ingawa jina langu bado linasomeka kama dawa iliyoandikwa na daktari mwenye haraka.

Mengine kwa kifupi

Tulifanya kikao cha kufuata kitu kinachokwenda mbio: shata 1/30 ya sekunde, kamera inazunguka pamoja na mwendesha baiskeli, mandhari yanavutika kuwa michirizi huku yeye akibaki mkali. Siri ni kuendelea kuzungusha hata baada ya shata kufunga. Wengi tulisimama mapema. Tulipiga pia matone ya maji kwenye uzi, kila tone likionyesha ua lililo nyuma yake miguu juu kichwa chini. Fokasi ikikaa kwenye tone lenyewe unakosa ua; isogeze kidogo mbele ya tone, upande wa kamera.

Kuhusu picha za sura, kikao cha dirishani kinastahili aya yake. Aliyekiongoza alitundika kitambaa cheusi na kitambaa cheupe, akatuagiza tupige kila kimoja kikijaza fremu nzima, kamera ikijiamulia yenyewe. Picha zote mbili zilitoka kijivu. Kipima mwanga cha kamera kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, chenye kurudisha asilimia 18 hivi ya mwanga, na kinasukuma kila kitu kifike hapo. Mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe anazama gizani kwa sababu hiyo hiyo: ukuta umekiogopesha kipima mwanga. Pima usoni, ukuta uache ujitetee. Baada ya hapo alichukua ubao mweupe wa kurudishia mwanga, tuliouzoea, akauweka kando. Akasimamisha ubao mweusi upande wa kivuli. Shavu lililokuwa limelala likainuka, taya likapata ukingo. Miaka yote tulikuwa tukihangaika kuongeza mwanga, hatukuwahi kufikiri kuuondoa.

Maonyesho na uhakiki

Maonyesho ya mwaka yalifanyika, na watu walikuja. Nusura yasifanyike. Picha ziliporudi kutoka kuchapwa zote zilikuwa na giza, na kwa siku mbili tulimlaumu mchapaji kwa maneno ambayo hayakuingia kwenye kumbukumbu. Mweka hazina ndiye aliyechukua picha moja, akaisimamisha kando ya kioo cha kompyuta tuliyohaririia, akapunguza mwanga wa kioo hatua kwa hatua mpaka viwili vikafanana. Mwanga wa kioo ulikuwa umeachwa juu kabisa, nasi tukazipunguza picha ili zipendeze humo. Mchapaji tumemwomba radhi kwa barua. Tulihariri upya na kuchapa upya, na gharama hiyo mtaiona kwenye hesabu.

Uhakiki wa picha bado ni udhaifu wetu. Tulikubaliana mwenye picha anyamaze kwanza, na wengine waseme wanachokiona kabla ya kusema kama ni nzuri au mbaya. Nusu ya chumba bado inasema "nzuri sana" na kukaa. Samahanini, lakini hilo ni sawa na kumpigia mtu makofi gizani. Anayetaka kuendelea na "nzuri sana" aongeze angalau neno "kwa sababu".

Jambo la huzuni: mwanachama mmoja alipoteza picha zake za miaka kadhaa diski ilipokufa. Alikuwa na nakala, ila nakala ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nyumba nyingine. Kamati itatenga kikao kizima kwa hilo, na kitakuwa cha kuchosha, na naomba mje.

Mwaka ujao

Pendekezo la kamati kwenu leo ni filamu moja ya picha 36. Itapita kwa wanachama, kila mmoja apige fremu moja na kuipitisha. Ikiisha, haisafishwi, inarudishwa mwanzo na kuzungushwa tena, watu wapige juu ya picha za wenzao bila kuziona. Kila mzunguko utapigwa kwa stopu moja pungufu, yaani nusu ya mwanga, ili mianga miwili ikijumlishwa isiunguze, na mwanzo wa filamu tutauwekea alama ya kalamu ndani ya kamera ili fremu zilaliane vizuri. Mtunza vifaa anaamini hazitalaliana. Tupige kura.

Nafasi ya mwenyekiti pia iko wazi, na fomu ziko kwa katibu. Na kabla hatujafika huko: stendi ya chama, ile yenye mguu mmoja uliofungwa solotepu, haijarudi tangu usiku wa tochi. Sitataja jina. Aliye nayo aiache tu mlangoni, na ile tochi pia.