Barua ya malalamiko: malipo ya usiku ambayo sikuyaidhinisha

Busia, Uganda

Meneja wa Tawi,

YAH: KUTOLEWA SHILINGI 1,860,000 KATIKA AKAUNTI YANGU

Ndugu Meneja,

Nauza mchele hapa mpakani, na nimeweka pesa kwenu kwa miaka 9. Usiku wa kuamkia Jumanne iliyopita, kati ya saa nane na saa tisa, kadi yangu ililipia bidhaa mara 4 katika duka la mtandaoni nisilolijua. Kadi yenyewe ilikuwa ndani, mkobani mwangu. Nilishtukia asubuhi, nilipotaka kumlipa dereva wa lori kutoka Tororo nikakuta salio halitoshi.

Nilipofika tawini niliambiwa, "Mama, utakuwa umempa mtu nambari ya siri." Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Malipo ya mtandaoni kwa kadi hayaulizi ile nambari ya siri ya tarakimu 4. Huuliza nambari ndefu ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu 3 za nyuma, na hayo yote yamechapwa kwenye kadi, yeyote aliyewahi kuishika anaweza kuyanakili. Chipu mnayoisifu hutoa msimbo mpya kila kadi inapoingizwa kwenye mashine, lakini mtandaoni haifanyi kazi yoyote. Kinachobaki kumlinda mteja ni msimbo wa mara moja unaotumwa kwa simu. Usiku ule sikupokea msimbo, wala ujumbe wa kunijulisha kwamba pesa zimetoka. Na laini yangu haikuwa imeibwa: saa nane na nusu dada yangu alinipigia kutoka Arua kunieleza hali ya mama hospitalini, tukazungumza.

Nani basi aliruhusu malipo yale yapite bila msimbo?

Sikuomba kadi yangu ifunguliwe kwa ununuzi wa mtandaoni. Programu yenu ya simu haina mahali pa kuifunga. Asubuhi ile nilipiga nambari ya huduma mara 6, ikaita hadi ikakatika.

Naomba mnirudishie pesa zangu, na muanze sasa kuyapinga malipo hayo kwa benki ya muuzaji kabla muda wa kufanya hivyo haujapita. Nataka pia kumbukumbu zinazoonyesha kila malipo yalithibitishwaje. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inanipa haki ya kuona taarifa zangu mlizo nazo. Nisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Benki Kuu ya Uganda, iliyotoa miongozo ya kuwalinda wateja wa huduma za fedha tangu 2011.

Dereva bado ananidai.

Wako,
Mteja wenu (jina na akaunti vimo katika fomu niliyojaza tawini)