Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: jioni ya nyota isipangwe mwezi mpevu

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba jioni ya wananchi kutazama nyota ipangwe kwa kufuata mwezi, na taa zinazomulika uwanja zizimwe kwa saa mbili tu.

Wengi hudhani mwezi mpevu ndio unaofaa kwa darubini. Sivyo. Usiku huo jua huupiga mwezi usoni, milima yake haina vivuli, na mwanga wake hufuta nyota ndogo zote. Mwezi wa siku ya saba au ya nane tangu kuandama ni nusu angavu, nusu giza. Pale mpakani jua ndiyo kwanza linachomoza: kila shimo limejaa kivuli cheusi upande mmoja, ukingo wa pili unang'aa. Tena mwezi huo hutua karibu saa sita usiku, hivyo watu wataswali Isha kwanza, tuanze saa mbili.

Mwezi hauhitaji giza; Kilimia, kile kishada cha nyota, kinahitaji. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mmuliko mmoja wa simu hurudisha hesabu mwanzo. Hatuombi mji uzimwe. Taa inayoharibu ni ile ambayo balbu yake inaonekana ukiwa umesimama uwanjani. Za barabarani ziwalinde wapita njia. Mlinzi wa mlangoni afunike tochi yake kwa nailoni nyekundu.

Uwanja uwe wa nyasi. Zege na lami hutoa joto la mchana hadi usiku, na hewa juu yake hutetemeka kama iliyo juu ya jiko la mkaa.

Kinachovuruga zaidi ni foleni. Darubini ya kioo cha inchi 8, yenye fokasi (umbali wa kukusanya mwanga) ya milimita 1,200, hukuza mara 120 kwa lenzi ya kuchungulia ya milimita 10. Hapo dunia inavyozunguka, nyota huvuka duara la kutazamia kwa dakika mbili hivi. Mtu wa tatu anakuta weusi mtupu, akadhani macho yake mabovu. Lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 48, inatosha, mradi mtu mmoja asogeze mrija kila wakipita wawili. Pembeni pawe na kiti, watoto washike mgongo wake wasishike darubini. Kwa dakika moja kila mtu, darubini moja hutosha watu 100 hivi kwa saa mbili. Wakitarajiwa 300, zinatakiwa tatu.

Tunapendekeza Jumamosi iliyo karibu na mwezi wa siku saba, Januari au Februari, Kilimia kikiwa juu na mvua za vuli zimepita. Jumapili yake iwe akiba wingu likitanda. Fundi umeme afike saa 11 jioni, kukiwa bado mchana: taa zenye kihisi hujiwasha zenyewe giza likiingia, na zinazimwa kwenye boksi lake, si kwa swichi ya ukutani.

Wako,
Watazama nyota wa Tanga