Ukuta wa Duka na Kioo cha Simu

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako alinipigia jana usiku. Anakusifu kwa kuchota maji bila kusukumwa. Ila bando lake la wiki limeisha siku ya tatu, na yeye hajafungua hata video moja. Sikuandikii kukugombeza. Jumapili nilikaa nawe barazani, nikaona kwa macho yangu, na tangu hapo nalifikiria jambo hili kila nikiwa juu ya ngazi.

Ulikuwa unacheza gemu ya magari kwenye simu ya bibi, na gari lako liligonga. Kioo kikaandika: tazama tangazo uendelee. Ukatazama sekunde 30 nzima, ukarudi barabarani, na dakika haikuisha ukagonga tena. Nilihesabu mara saba. Ile X ya kufungia ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, na ulipoikosa kidogo tu ukajikuta kwenye duka la programu. Yale matangazo ni video, baba, na kila moja linakula bando la bibi.

Kazi yangu unaijua: nachora matangazo kwenye kuta za maduka, ya sabuni, soda, vocha. Kampuni ikitaka ukuta huongea kwanza na mwenye duka. Wakikubaliana, anapakiwa rangi duka zima, au anapewa chochote. Kwenye gemu, ukuta ni macho yako, na anayelipwa ni mwenye gemu.

Tena ukuta wangu ni ule ule kwa kila apitaye, wa baiskeli na wa daladala. Wa kwenye gemu hubadilika kulingana na anayetazama. Mwaka 2008, Barack Obama alipogombea urais wa Marekani, kampeni yake ilinunua mabango ndani ya gemu 18 za Xbox, ile mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, mojawapo ikiwa ya mbio za magari, Burnout Paradise. Mchezaji anakata kona, anakuta sura ya Obama kando ya barabara na maneno kwamba upigaji kura wa mapema umeanza. Yalilengwa kwa wachezaji wa majimbo 10 tu, yale yenye ushindani mkali. Siku hizi wamefika mbali zaidi. Kabla tangazo halijatokea, kompyuta hufanya mnada: nani atalipa zaidi kwa mwenye simu ya aina hii, aliye mji huu, saa hii? Mnada unakwisha hata hujapepesa.

Lililoniuma ni tangazo la tano, la kubeti. Una miaka 10. Huenda mnada ulidhani anayetazama ni bibi. Mtu anacheka, noti zinammwagikia, nawe ukaniuliza, "Baba, hizi hela ni za kweli?" Nilikujibu juu juu kwa sababu chai ilikuwa inapoa, na ulistahili jibu kamili. Ni za kweli. Zimetoka kwa watu wengi ambao mikeka yao imechanika, yaani walibeti wakapoteza, na hao hawaonyeshwi.

Kwa hiyo zima data kabla ya kufungua gemu. Ikigoma kucheza, iache, tutatafuta nyingine pamoja. Tangazo la kubeti likitokea usiliguse, mpelekee bibi simu.

Nakuja Jumamosi. Nina ukuta wa kuchora karibu na stendi, mwenye duka ameshakubali. Utanishikia kopo la bluu.

Baba yako