Wanangu wa kikoba, msigawane vidonge vya presha

Mbukwenyi wanangu. Jumamosi iliyopita niliondoka kabla hesabu za mikopo hazijasomwa, na nimesikia mmesema bibi alikasirika. Ni kweli nilikasirika. Mliona nilivyompokonya mwenzenu kidonge mkononi, ila sidhani wote mlielewa sababu.

Binti yule ana mimba ya miezi saba. Alisema kichwa kinamgonga tangu jana yake na macho yanaona ukungu. Mmoja wenu, kwa moyo mwema kabisa, akafungua fundo la khanga, akatoa pakti: "Hiyo ni presha, mdogo wangu, meza hiki, mimi kinanisaidia." Wengine mkaitikia, na maji yakaletwa.

Kilikuwa losatani. Losatani, pamoja na kaptoprili na enalaprili, mjamzito hapewi. Zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni, zikapunguza maji yanayomzunguka, hata akafa. Mjamzito mwenye presha ana dawa zake, kama methildopa, anazopangiwa na wataalamu. Na kichwa kile pamoja na ukungu ule, mimba ikishapita wiki 20, ni dalili za hatari za kuelekea kifafa cha mimba. Hapo hatusubiri kupambazuke, tunatafuta usafiri saa ileile. Tulimpakia kwenye bajaji, akalazwa, na leo yeye na mtoto wanaendelea vizuri. Alhamdulillahi.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi nikiwa zahanati za vijijini huku kwetu Dodoma. Najua tulivyolelewa. Mwaka wa njaa tuligawana unga wa uwele, tukagawana na mlenda uliokauka, na aliyekula peke yake tulimsema. Sitaki mwache moyo huo. Lakini kidonge aliandikiwa mtu mmoja, baada ya kupimwa yeye na kuulizwa maradhi yake. Mwenye pumu akimeza atenololi ya jirani, nayo ni dawa ya presha, anaweza kubanwa na pumzi. Mwenye figo mbovu ana dawa ambazo kwake zinahitaji uangalizi wa pekee. Wewe uliyeketi naye kwenye mkeka huyajui hayo, na pengine hata yeye hayajui.

Na wewe unayetoa, umewahi kujihesabia? Umepewa vidonge 30 vya siku 30. Ukigawa vitano, siku tano za mwisho utakaa mtupu.

Nawakumbuka mzee mmoja na mkewe, wakulima, wote wagonjwa wa presha. Kila mwezi mzee anakuja, tunapima, presha iko juu palepale. Daktari akamwongezea dozi, haikushuka. Siku moja nikamwomba aje na mkewe, nikawauliza polepole, mmoja mmoja. Kumbe walikuwa wananunua dawa ya mtu mmoja na kupokezana: leo anakunywa baba, kesho mama. Mama hakuwa hata na daftari la kliniki. Sikuwa na la kuwagombeza. Walikuwa wamechagua kati ya dawa ya pili na ada ya mtoto.

Kwa hiyo lawama sizipeleki kwenu peke yenu. Wapo wauza dawa wanaokata pakti kwa mkasi na kukupa vidonge vinne bila kuuliza cheti. Wapo wauguzi wenzangu, na inaniuma kusema, wanaokutupia dawa dirishani wasikuambie hata jina lake. Mtu asiyeelezwa atamwuliza jirani. Atafanyaje? Kama mwenzenu hana hela ya dawa, mfuko wa jamii wa kikoba upo. Mkopesheni nauli na hela ya dawa, akapimwe mwenyewe.

Mengine nimeyasema mara nyingi, nayapitia tu. Presha ikishuka usiache dawa, imeshuka kwa sababu unakunywa. Na atenololi ukiikatisha ghafla inaweza kuushtua moyo. Ukisahau dozi, kesho usimeze mara mbili. Miguu ikivimba kwa amlodipini, au kikohozi kikavu kikikushika kwa kaptoprili, rudi kliniki ukaseme, ubadilishiwe. Diklofenaki na ibuprofeni za mgongo baada ya kulima zinapandisha presha. Na magadi mnayotia kwenye mlenda yana sodiamu kama chumvi, msijidanganye kwamba mmepunguza chumvi.

Mwanangu uliyetoa kile kidonge, nilikupigia kelele mbele ya watu na nimekuja kwako kuomba radhi. Ulitaka kusaidia.

Jumamosi hii nitakuja na mashine yangu ya kupimia. Kila mmoja abebe dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na zile za mizizi mnazonificha, na daftari lake. Mtakaa kimya dakika tano kabla sijapima. Chai tutakunywa baadaye.