Mdogo wangu, ile kanga ilikuwa yangu

Mdogo wangu,

Mwanao kanipigia juzi. Usimgombeze, kanipigia kwa heri. Anasema Thanksgiving ya mwaka huu, ile sikukuu ya shukrani ya huku Marekani, anaiandaa kwake, kwenye chumba chake cha kwanza cha kupanga, wageni sita, na za mapambo ana dola ishirini tu. "Mama mkubwa, yale majani ya karatasi ulikuwa unayafanyaje?" Nikamwambia nitamwandikia. Nilipokaa kuandika nikaona ninayemwandikia ni wewe. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa penye watu. Najua unasoma, maana kila ninachoandika hapa kinanirudia kupitia kwa shangazi wa Muheza kabla wiki haijaisha.

Basi mwambie hivi.

Mifuko ya kaki ya sokoni asiitupe. Aifungue kwenye gundi, ainyooshe kwa pasi, kisha aokote jani la ule mti ambao Kanada wameuweka kwenye bendera. Yamejaa chini huko nje, hayauzwi. Alilaze juu ya kaki, alizungushie penseli, akate. Akunje katikati kupata mshipa, halafu achovye kingo kwenye chai ya rangi iliyokolea. Hapo kwenye chai asiwe na haraka. Karatasi ikikauka inajikunja yenyewe kidogo, na rangi inapanda kutoka pembeni kwenda ndani kama jani linavyokauka kwelikweli. Arobaini yatamtosha. Ayatunge kwenye kamba kwa sindano ya kushonea magunia, na ayaweke mbali na mishumaa, maana ni karatasi na anaishi ghorofani.

Boga asinunue Oktoba. Tarehe 31 wakishamaliza Halloween yao ya kuchonga maboga, kesho yake bei inaanguka, na jirani ambaye hakulichonga la kwake atampa bure akiomba vizuri. Unakumbuka tulivyokwenda Circleville, jimbo la Ohio, kwenye maonyesho yao ya maboga? Wanayafanya tangu 1903, wana mazoea nayo. Tulisimama mbele ya boga ambalo wanaume wanne wasingelinyanyua, ukasema, "Mama angeliona hili angeuliza nazi ngapi." Nilicheka mpaka nikaegemea kamba ya watu. Mwambie pia yale makubwa ya kuchonga ni maji matupu, hayafai kupika. Lile dogo la kuokea ndilo tamu. Aliweke mezani Alhamisi, Ijumaa alitie tui.

Matunda ya msonobari ayaokote bustanini, lakini asiyaweke mezani kabla ya kuyatia kwenye oveni, nyuzi 200 za Fahrenheit, hesabu ya huku, kama nusu saa, akiwa jikoni anayatazama. Wadudu wanakufa na magamba yanafunguka. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Mchwa hawakuwa mchwa, sijui walikuwa nini, walitembea mpaka kwenye mkate.

Na mbegu za buckeye, zile za kahawia zenye doa jeupe, ambazo watu wa Ohio wamejiita kwa jina lake. Mimi najaza bakuli zima la kioo kwa sababu ndizo zinazokaribia komwe zaidi ya kitu chochote nilichokiona nchi hii. Zikimwagika mezani zinatoa sauti ile ile ya bao. Ila ni sumu. Mwanao alipokuwa mdogo alitaka kutafuna moja nikamtia kidole mdomoni, ukanikasirikia kwa kidole, hukukasirikia mbegu.

Chupa za kioo, zile za sosi ya tambi, alowanishe kwenye maji ya moto. Gundi ya lebo isipotoka, mafuta ya kula na chumvi, asugue. Humo anaweka mshumaa au matawi. Kama anataka kinara cha shaba aende duka la mitumba, na asiende Jumamosi. Vinara vyangu viwili nilivipata kwa dola tatu vikiwa vyeusi tititi. Nilivisugua kwa limau na chumvi vikawa vinang'aa kiasi kwamba uliuliza nimevitoa wapi, na nilipokwambia, uso wako ukabadilika. Niliuona.

Shingoni mwa chupa anazungushia kamba ya mkonge. Hapa naomba wasomaji wengine mnivumilie, maana mkonge kwetu si pambo. Baba yetu alifanya kazi korona, ile ya kuchakata mkonge, si ya ugonjwa. Alikuwa akitusimulia jioni jinsi Mjerumani Hindorf alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanganyika hai 62, mwaka 1893, na mashamba yote yale tuliyoyaona yakatokana na hiyo. Alikuwa anaitaja hiyo 62 kama anataja watoto wake. Hivyo mkonge ulipita Marekani kabla yetu. Siku niliponunua kamba hapa duka la vifaa vya ujenzi nililigeuza bunda kutafuta Tanga kwenye lebo. Imeandikwa Brazil. Nimeinunua hivyo hivyo. Fundo ninalofunga ni lile la baba, la mara mbili na mkia ndani. Wewe ulikuwa hulijui vizuri, kila mara nilikuwa nakufungia.

Sasa tufike kwenye vitambaa vya mezani.

Ile Novemba ya 2022, mama ana miezi mitano tangu atutoke, uliniambia utakuja na bosi wako na mumewe. Nikafurahi. Wiki mbili sikulala kwa kukata majani. Mapambo yote yalinigharimu dola kumi na moja, na nilijivunia, kwa nini nisijivunie? Tumelelewa na mwanamke aliyepamba chumba cha kambini kwa karatasi za sigara siku ya Idi, na watu wakija wanauliza.

Ulifika saa nane mchana kabla ya wageni wako, na mifuko miwili. Hukukaa. Ukaanza na chupa. Ulizikusanya mbilimbili kama mhudumu anayeondoa vyombo vichafu, ukaziweka chini ya sinki. Ukatoa majani ya plastiki, maboga ya plastiki, na kibao cha chuma kinachotuambia kwa Kiingereza tuwe watu wa shukrani. Lebo ya bei ilikuwa bado ipo nyuma: dola 24.99. Mimi nilikaa upande wa lebo.

Hata hilo nililimeza. Nilisema moyoni, ana bosi wake, ana haya zake, mdogo wangu tangu zamani anaona haya haraka. Tukakaa. Wageni wako watu wazuri, yule mama akasifu wali wa nazi kuliko bata mzinga. Ndipo ukakunjua kitambaa kilichokuwa chini ya uma wako, na kimeandikwa WEMA H.

Mwenzio wa kushoto alikuwa na AUOZI.

Bosi wako hajui Kiswahili lakini aliweka uma chini. Ukaniuliza taratibu, "Hii ni kanga ya mama?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Dada, wewe hukuwepo msibani. Ndiyo maana umeweza kuikata."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Nimeyasema kwa sauti yako nikiosha vyombo. Hukupandisha sauti, na nadhani ungepandisha ingekuwa nafuu.

Sikuwepo msibani, kweli. Makaratasi yangu yalikuwa yamekwama na nikitoka nisingerudi, na wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kuniambia nisitoke. Nilimzika mama kwa simu, kwenye maegesho ya kazini, picha ikiganda, inakwenda, inaganda. Wewe ulimwosha miguu. Ulirudi na doti moja, ukaichana katikati mbele yangu, kimoja chako kimoja changu. Hukusema kipande changu kina masharti.

Na kilikuwa kimechakaa! Kina tundu la cheche pale pembeni, pindo limeanza kulika. Mama mwenyewe akiona kanga ikifika hapo anafanya nini? Anakata. Anashikia sufuria, anafutia meza, anafungia mbegu. Nepi zako wewe zilikuwa kanga iliyokatwa, nimezifua mimi, nina miaka minane, pale bombani, na nazikumbuka mpaka maua yake. Kwa hiyo usinifundishe kanga ya mama inakatwa au haikatwi. Nilipima vizuri, vipande kumi na viwili, nikapinda kingo kwa mkono siku tatu. Nilitaka siku ile kila mtu afute mdomo kwa kitu chake. Sandukuni mama alikuwa anafanya nini? Kila nikifungua ni moshi na ubani, nafunga tena.

Ila nikwambie, maana mwanao kaniuliza na sikumjibu. Niliona. Mkasi ulipokuwa unalikaribia jina niliona, na ningeweza kusogeza kipimo, kitambaa kilikuwepo. Nikaendelea. Sijui nilikuwa na hasira na nani siku ile. Na mama, labda, kwa kutosubiri.

Mwambie mwanao vitambaa asishone, akate shuka ya mitumba, zipo za dola mbili, nyeupe, zinashika rangi ya maganda ya vitunguu vizuri sana. Achemshe maganda saa nzima, aloweke usiku kucha. Inatoka rangi ya dhahabu iliyozeeka, nzuri kuliko ya plastiki yoyote. Hapo nakuchokoza.

Alhamisi ya nne ya Novemba hii nitapika kama kawaida. Pilau, kuku badala ya bata mzinga kwa sababu bata wao ni mkavu na tuache kujidanganya, na boga la nazi. Nimetoa vile vitambaa nikavihesabu, viko kumi na kimoja. AUOZI ipo. WEMA H ulikitia kwenye mkoba ukidhani siangalii, wakati bosi wako anavaa koti.

Sikuombi ukirudishe. Viti nimepanga kumi na viwili. Na ukija na ile mifuko yako, iache garini.

Dada yako